Kazi ya polisi ilivyomegwa: Kutoka Lushoto 1919 hadi TAKUKURU na EWURA

Tarehe 25 Agosti 1919, serikali ya Waingereza ilitangaza kuanzishwa kwa Jeshi la Polisi Tanganyika, makao makuu yakiwa Lushoto. Askari wa zama hizo alikuwa na kazi nyingi: kukamata wahalifu, kuwapeleka mahakamani na hata kuwalinda gerezani. Mwaka 1930 makao makuu yalihamia Dar es Salaam, na mwaka uliofuata Magereza ikatengwa na polisi. Huo ulikuwa mmego wa kwanza. Iliyofuata ni mingi, na nyuma yake kuna sababu kubwa mbili.

Ya kwanza ni rushwa. Sheria ya Kuzuia Rushwa ilitungwa mwaka 1971, na mwaka 1975 kikaundwa kikosi maalumu cha kuitekeleza, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, wizara ileile ya polisi. Tatizo lilikuwa wazi: anayetuhumiwa na anayechunguza walikula chungu kimoja. Mwaka 1991 kikosi kiligeuzwa kuwa taasisi, TAKURU, chini ya Ofisi ya Rais. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Benjamin Mkapa, ilieleza jinsi rushwa ilivyoota mizizi katika ofisi za umma, polisi wakiwamo. Sheria mpya ya mwaka 2007 ikazaa TAKUKURU ya leo na kupanua orodha ya makosa ya rushwa. Hata hivyo, taasisi hiyo haishtaki kwa uamuzi wake pekee. Kwa mashtaka mengi, kibali cha kwenda mahakamani hutoka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Tangu sheria ya mwaka 2008, kazi ya kuendesha mashtaka nayo ilianza kutoka mikononi mwa polisi.

Sababu ya pili ni serikali kuacha kufanya biashara. Enzi za mashirika ya umma, bei ilipangwa na serikali na muuzaji alikuwa serikali yenyewe. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, Posta na Simu ikagawanywa, na kampuni binafsi za simu, mafuta na mabasi zikamiminika. Alihitajika mwamuzi. Mwaka 2001 Bunge lilipitisha sheria za EWURA kwa nishati na maji, na SUMATRA kwa usafiri. Sheria ya TCRA, kwa mawasiliano, ilifuata mwaka 2003. SUMATRA baadaye ilivunjwa: LATRA ikachukua usafiri wa nchi kavu na TASAC usafiri wa majini.

Ukitaka kuona mgawanyo huo kwa macho, simama kwenye kituo chochote cha mafuta. Bei iliyo ubaoni haitakiwi kuzidi kikomo ambacho EWURA hutangaza kila mwezi. Stika kwenye pampu ni ya Wakala wa Vipimo, ambaye mkaguzi wake hupima kwa ndoo maalumu ya lita 20 kuhakikisha lita ni lita. Mtungi wa kuzimia moto hukaguliwa na Zimamoto. Risiti ya mashine inaihusu TRA, mamlaka ya mapato. Polisi haonekani, mpaka mtu akimbie bila kulipa.

Kwenye vituo hivyohivyo ndiko uchakachuaji ulikotikisa nchi: mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, yalichanganywa na dizeli. Mwaka 2010 serikali ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kunasa yaliyochanganywa, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, tofauti ya bei iliyowavutia wachakachuaji ikapungua. Kazi hiyo ilihitaji mkemia na mchumi kuliko pingu.

Lakini kumega kuna gharama yake. Kwa miaka mingi mwenye kiwanda cha chakula alikaguliwa na TBS, shirika la viwango, kisha na TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na kulipa ada kote kuwili. Mwaka 2019 chakula na vipodozi vilihamishiwa TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Mipaka ya Muungano nayo ina lake: polisi ni wa pande zote mbili, ila Zanzibar ina ZAECA kwa rushwa na ZURA kwa nishati na maji.

Pamoja na usumbufu huo, mmego ulikuwa sahihi. Askari hawezi kupima dawa, wala hafai kujichunguza mwenyewe. Kilichobaki ni mwananchi kujua mlango wa kugonga. Ukiombwa rushwa, piga 113 TAKUKURU. Kwa uhalifu piga 112. Moto ukiwaka, 114. Ukiuziwa mafuta mabovu au kutozwa bei ya juu, nenda EWURA. Nauli ikizidi, LATRA. Na kila ulipapo, dai risiti: bila risiti, hakuna mamlaka itakayokusaidia kirahisi.