Wewe Ulizaliwa Jimbo Gani?

Watoto wa shule hupenda kupimana akili kwa maswali. Moja wanalolipenda ni hili: nchi yetu ya Kongo ina majimbo mangapi? Mtoto atajibu upesi: 26, pamoja na mji wa Kinshasa. Baba yake, aliyesoma wakati wa Mobutu, atasema: «Hapana, sisi tulifundishwa 8, na Kinshasa mbali.» Na babu, aliyeketi kimya pembeni, naye alisoma kwa mapadri kabla ya uhuru, atacheka na kusema: «Majimbo ni 6.» Nani amekosa? Hakuna aliyekosa. Kila mmoja amejibu sawasawa kwa mwaka wake.

Wasomaji wapendwa, maswali ya namna hii tunayafikiri kuwa mchezo wa jioni tu. Lakini ndani yake kuna jambo lililowatoa watu machozi. Kwanza tuhesabu.

Mwaka 1888, wakati wa mfalme Leopold II, nchi iligawanywa katika wilaya 11. Baada ya vita ya kwanza ya dunia Wabelgiji walikuwa na majimbo 4: Congo-Kasai, Équateur, Orientale na Katanga. Mwaka 1933 yakawa 6, na kila jimbo likapewa jina la mji wake mkuu: Léopoldville, Coquilhatville, Stanleyville, Costermansville, Elisabethville na Lusambo. Tazameni vizuri orodha hiyo. Katika miji sita, mmoja tu, Lusambo, uliitwa kwa jina la wenyeji. Mwaka 1947 majimbo yakapewa majina mengine: Équateur, Orientale, Kivu, Katanga na Kasai. Léopoldville peke yake likabaki na jina lake. Hayo ndiyo majimbo 6 ya babu.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Miaka miwili mitatu baadaye majimbo yale 6 yakakatwa vipande 21. Kwa Kifaransa watu waliyapa jina la kudharau, kama kusema «vijimbo». Kila kijimbo kilitaka serikali yake na mawaziri wake. Mobutu alipokwisha kushika utawala, mwezi wa Novemba 1965, hakungoja sana: katika mwaka 1966 aliyapunguza yakawa 12, na kabla mwaka haujaisha yakawa 8. Hayo ndiyo ya baba. Mwaka 1988 Kivu ikagawanyika mara tatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Katiba ya mwaka 2006 iliandika majimbo 25 na mji wa Kinshasa, lakini kuandika ni kazi moja na kutenda ni nyingine. Majimbo yenyewe yalisimamishwa mwaka 2015. Katanga ikatoa 4, Orientale 4, Équateur 5, Bandundu 3, Kasai mbili zile zikatoa 5 kwa jumla. Kivu zote mbili, Maniema na Kongo ya Chini hazikuguswa, ila hiyo ya mwisho sasa huitwa Kongo-Central.

Hesabu peke yake ni kavu kama muhogo wa jua. Basi chukueni mfano wa mtu aliyezaliwa mwaka 1945 kando ya ziwa Tanganyika, katika mji wa Albertville, asihame hata siku moja. Alizaliwa katika jimbo la Elisabethville. Alipokuwa na miaka 2 akawa mtu wa Katanga. Alipofika miaka 17 akawa mtu wa Katanga ya Kaskazini, na mji wake ukawa mji mkuu wa kijimbo. Kwa miaka 21 akarudi kuwa mtu wa Katanga, nao mji ukaitwa Kalemie. Mwanzo wa miaka ya 1970 wakamwambia kwamba jimbo lake ni Shaba. Alipokuwa na miaka 52 likawa Katanga tena. Na katika mwaka wake wa 70 akaamka mtu wa jimbo la Tanganyika. Nchi yenyewe iliitwa Congo belge, kisha Kongo, kisha Zaire tangu 1971, kisha Kongo tena tangu 1997. Na nyumba ni ile ile, na mwembe wa uani ni ule ule!

Hilo jina la Shaba sisi wasemaji wa Kiswahili tulilielewa pasipo mkalimani. Katanga ilikuwa imejitenga na nchi kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, na Mobutu hakupenda jina lile likumbukwe. Akachagua neno letu la madini yatokayo huko. Jina lilifutwa katika ramani, lakini katika vinywa vya watu halikufutika, na mwaka 1997 lilirudi mara moja.

Sasa tuje kwenye miji. Watoto huulizana pia: mji mkuu wa kwanza wa Kongo ni upi? Wengi husema Kinshasa, wachache hodari husema Boma. Boma ilipata heshima hiyo mwaka 1886, lakini mbele yake kulikuwa na Vivi, kituo kidogo juu ya mto, ng'ambo ya Matadi. Leo mpita njia angeweza kupita Vivi asijue. Wakubwa wa serikali walihamia Léopoldville katika miaka ya 1920.

Na zile «ville» zote zilitoka wapi? Stanley aliweka kituo mwaka 1881 akakipa jina la mfalme aliyemtuma, ndiyo Léopoldville. Stanleyville ni jina la Stanley mwenyewe. Elisabethville, iliyoanzishwa mwaka 1910, ni jina la malkia, mke wa mfalme Albert. Albertville ni la huyo Albert. Coquilhat na Costermans walikuwa wakubwa wa serikali. Jadot na Francqui hawakuwa wafalme wala magavana wa Kongo, walikuwa wakubwa wa makampuni, na bado mmoja alipewa Jadotville na mwingine Port-Francqui. Hapo mtaona nani alikuwa na nguvu.

Bukavu ndio mji uliotangulia kuvua nguo ya kuazima, kwa kuwa uliacha jina la Costermansville katika miaka ya 1950, Wabelgiji wangali wanatawala. Miji mingine mikubwa ilibadilishwa mwaka 1966: Kinshasa, Kisangani, Lubumbashi, Mbandaka, na Likasi, iliyokuwa Jadotville. Port-Francqui ikawa Ilebo. Lakini tusiseme kwamba majina haya yalizaliwa mwaka huo. Wenye kusema Kiswahili walikuwa wakisema «ninakwenda Kisangani» miaka mingi kabla ya serikali kukubali kuandika hivyo. Lubumbashi ni jina la mto. Matadi, ambayo haikubadilishwa, kwa Kikongo maana yake ni mawe. Na Mbuji-Mayi, iliyoitwa kwanza Bakwanga, mtu wa Kiswahili aisikilize vema: kwa Kiluba mbuji ni mbuzi na mayi ni maji. Tena msidhani kwamba «ville» imekufa kabisa. Katika jimbo la Sankuru kuna mji uitwao Lumumbaville, kwa ukumbusho wa Patrice Lumumba aliyezaliwa upande huo.

Mpaka hapa ni mchezo. Lakini swali «wewe ni wa jimbo gani?» halikuulizwa kwa kucheka kila mara.

Zamani za Wabelgiji kampuni ya Union Minière ilitafuta wafanyakazi mbali, nao watu wengi wa Kasai walishuka Katanga kufanya kazi katika migodi na katika reli. Walikaa. Walioa, wakajenga, wakazaa, na watoto wao wakazaa. Mtoto wa namna hiyo, aliyezaliwa Likasi au Kolwezi, alisema Kiswahili kuliko Kiluba cha babu yake, na Kasai aliijua kwa kuisikia tu. Basi miaka ya 1992 na 1993 watu hao waliambiwa: «Ninyi si wenyeji, rudini kwenu.» Nyumba zao zikashikwa. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye stesheni za gari moshi wakingojea behewa, kwa juma na miezi, na wengi walikufa hapo hapo au njiani, hasa watoto. Mpaka wa jimbo uliochorwa kwa kalamu na wageni ulikuwa umegeuka kuwa ukuta kati ya jirani na jirani.

Kwa hiyo mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, wazee wengine hawakushangilia. Serikali ilisema kwamba jimbo dogo huwasogeza wakubwa karibu na watu wao, na neno hilo lina haki yake, maana kutoka Kalemie mpaka Lubumbashi ni safari. Lakini mtu wa Kamina aliyelala Kolwezi usiku huo, jana yake alikuwa nyumbani kwake, na kesho yake angeweza kuitwa mgeni. Mimi naona ni afadhali kumwuliza mtu alizaliwa wapi kuliko kumwuliza babu yake alitoka wapi.

Kuna mji mmoja uliopata faida katika mabadiliko haya. Lusambo, ule uliokuwa peke yake na jina la wenyeji mwaka 1933, ulinyang'anywa cheo katika miaka ya 1950, makao ya jimbo yakapelekwa Luluabourg, ambayo leo ni Kananga. Ukasahauliwa na wengi. Kumbe mwaka 2015 ukawa tena mji mkuu, safari hii wa Sankuru.

Mwisho, neno moja kwa wale wanaotafuta karatasi zao au za wazazi wao. Karani kijana hawezi kujua kwamba Paulis ni Isiro, au kwamba Banningville ni Bandundu, au kwamba Thysville ni Mbanza-Ngungu. Andikeni majina yote mawili, pamoja na mwaka. Baudouinville, mahali ambapo Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo, alipewa upadri mwaka 1917, ukiitafuta katika ramani ya leo hutaiona. Tafuta Kirungu juu ya mlima, na Moba chini yake, ziwani. Na mkienda parokiani kuomba cheti cha ubatizo cha mzee aliyebatizwa Kalemie kabla ya mwaka 1966, mwambieni padri afungue kitabu kilichoandikwa Albertville.