Aliyekuwa Wetu: Historia Fupi ya Kuwafuata Wachezaji Walioondoka

Magazeti ya michezo ya Dar es Salaam yana neno moja ambalo halipumziki: aliyekuwa. Aliyekuwa mshambuliaji wa Simba, aliyekuwa kiungo wa Yanga, aliyekuwa kipa wa Azam. Ni umbo lile lile tunalolitumia kwa marehemu na kwa mtalaka. Mashabiki nao wana kauli yao: mchezaji wetu wa zamani. Tazama mpangilio wake, msomaji. «Wetu» hutangulia, «wa zamani» hufuata. Umiliki husimama kwanza, na wakati huja nyuma yake kama mtu aliyechelewa barazani. Gazeti limekwisha kumzika mtu. Shabiki bado anamhesabu katika watu wa nyumbani.

Mimi ni mtu wa Simba, na kwa miaka mingi nimewafuatilia hawa wa zamani kuliko inavyostahili kwa mtu mwenye shughuli zake. Makala haya yanahusu historia ya tabia hiyo, kwa kuwa naamini ina historia, na historia hiyo imeacha alama katika lugha yetu.

Lazima nianze na jambo ambalo sisi wa Msimbazi hatupendi kukumbushwa. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitenga wakaunda timu yao, iliyoitwa Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipochukua jina la Simba. Kwa maneno mengine, klabu yetu nzima ni «aliyekuwa». Utani wa jadi unaojaza uwanja wa taifa hadi leo ulizaliwa na kundi la watu walioondoka, na wengine waliobaki wakiwatazama walikokwenda. Nadhani ndiyo sababu kuhama katika soka letu hakujawahi kuwa suala la mkataba peke yake. Kuna harufu ya ugomvi wa ndugu ndani yake.

Yanga ilipasuka tena katikati ya miaka ya 1970, na safari hii waliotoka wakaunda Pan African. Mwaka 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6 bila jibu, na Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake. Kila mtu wa Simba anaijua hesabu hiyo kama anavyolijua jina la mama yake. Wachache huongeza kwamba Yanga ile ilikuwa imetoka tu kupasuka, na kwamba wengi wa nyota wake walikuwa wamevaa jezi ya Pan. Mwaka 1982 Pan African ikatwaa ubingwa wa Tanzania. Najaribu kumfikiria shabiki wa Jangwani wa mwaka ule, akiwatazama vijana aliowalea kwa sauti yake wakibeba kombe chini ya jina jingine. Alishangilia? Alinuna? Nimewauliza wazee kadhaa wa Kariakoo, na kila mmoja alinijibu kwa hadithi ya mtu mwingine, kamwe si yake mwenyewe.

Katika miaka hiyo hiyo mmoja wao alikwenda mbali zaidi. Sunday Manara, aliyeitwa Kompyuta, alitoka Dar es Salaam akaenda kucheza Heracles ya Uholanzi. Lakabu hiyo inanifurahisha kila nikiiwaza, kwa sababu mwaka 1974 serikali ilikuwa imezuia kompyuta kuingizwa nchini. Mashabiki walimpa mtu jina la mashine ambayo wengi wao hawakuwa wameiona, na nchi iliyoikataa mashine ikampeleka Kompyuta wake Ulaya. Lakini kumfuata mtu Uholanzi wakati ule kulikuwa na maana gani? Kulikuwa na redio, kulikuwa na gazeti la siku chache zilizopita, kulikuwa na barua ya jamaa aliye ng'ambo. Hakuna aliyemwona akicheza. Waliobaki walimfuata kwa masikio, na masikio yakimkosa mtu muda mrefu huanza kujitungia. Ndivyo wachezaji wa kizazi kile walivyokuwa wakubwa kuliko binadamu: tuliwakamilisha wenyewe kwa maneno.

Hali ilibadilika kabisa kwa Mbwana Samatta, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo.

Samatta alikuwa kwetu kwa muda mfupi mno. Alitoka African Lyon, akavaa nyekundu msimu mmoja, na mwaka 2011 tukapangwa na TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe walitutoa, kisha wakamnunua. Kisa hicho kina mkia wa ajabu. Simba ililalamika kwamba Mazembe walimtumia mchezaji asiyestahili, Janvier Bokungu, na shirikisho la Afrika likakubali, likawaondoa Mazembe mashindanoni. Tukarudishwa kucheza na Wydad mjini Cairo, tukafungwa mabao 3. Miaka mitano baadaye Bokungu yule yule akaja kuichezea Simba! Hatukuona haya, wala sioni kwa nini tungeona. Soka letu lina kawaida ya kumwoa mtu tuliyemshitaki.

Lubumbashi haikuwa ugenini kamili kwa kijana wa Mbagala. Ni mji unaozungumza Kiswahili, ingawa ni Kiswahili chenye lafudhi na msamiati wake, na aliposhangiliwa kule aliweza kuelewa alichoambiwa. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa Afrika kwa kuwashinda USM Alger, na Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Mtanzania wa kwanza kuipata heshima hiyo, na mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji.

Kabla ya hapo nani kati yetu alijua Genk iko wapi? Ghafla kibanda umiza, kile chumba cha mabati na mabenchi tunacholipia kuingia kutazama mpira, kikaanza kuulizwa mechi za Ubelgiji. Kurasa za klabu hiyo mtandaoni zikafurika Kiswahili. Wabelgiji waliandika jambo kuhusu tiketi, na chini yake mamia ya watu wakauliza kwa nini Samatta ameanzia benchi. Wapo waliochukizwa na ushamba huo. Mimi naona palikuwa na jambo la kihistoria mle: kwa mara ya kwanza waliobaki waliweza kumsemesha aliyeondoka mbele ya wenyeji wake wapya, na walifanya hivyo kwa lugha yao bila kuomba radhi.

Msimu wa 2018/19 Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji, na Samatta akafunga mabao 23 ya ligi. Mwaka huo alipewa tuzo wanayopewa wachezaji bora wenye asili ya Afrika katika ligi ile. Kwa Kifaransa jina lake linataja mti mweusi, na waandishi wetu wakalitafsiri Kiatu cha Ebony. Nililalamika wakati ule na ninalalamika bado. Lugha yenye neno mpingo, katika nchi ambayo mafundi wake wa vinyago wamelipeleka gogo hilo dunia nzima, ilikuwa na haja gani ya ebony? Kiatu cha Mpingo! Tungekuwa tumempa tuzo ile mara ya pili.

Novemba 2019 alifunga kwa kichwa Anfield, dhidi ya Liverpool waliokuwa mabingwa wa Ulaya. Januari 2020 akahamia Aston Villa, Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya England. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini kwa Bournemouth, akafunga tena Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, na mara zote mbili timu yake ilipoteza. Septemba alikuwa ameshakwenda Fenerbahçe. Nikawaona watu walionunua jezi za Villa kwa jasho lao wakizikunja taratibu. Hawakuwa wameipenda Villa; walikuwa wamepanga chumba pale kwa sababu ndugu yao alikuwa na kazi mtaani.

Baadaye zikaja Antwerp, Genk tena, PAOK ya Ugiriki, Le Havre ya Ufaransa. Idadi ya wanaomfuata imepungua, jambo la kawaida, lakini nafasi yake kwetu haijapungua. Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyu, aliyevaa jezi yetu msimu mmoja tu, ni wetu kuliko wengi waliokaa miaka mitano. Sababu yake naiona katika umbali. Genk iko karibu na Msimbazi kuliko Jangwani ilivyo, ingawa kutoka Msimbazi hadi Jangwani ni mwendo wa miguu wa mtu asiye na haraka.

Lugha ya usajili inalijua jambo hili vizuri. Mchezaji huuzwa, na hapo klabu imepata heshima na fedha. Hutemwa, na hapo aibu ni yake. Hutimka, na hapo lawama ni yake lakini kuna kijivuno kidogo ndani ya kitenzi, kama cha mtoro aliyewashinda askari. Hupelekwa kwa mkopo, kana kwamba ni sufuria ya jirani itakayorudi na masizi. Kisha kuna yule anayevuka kwenda kwa mtani. Kwake vitenzi vyote hivyo huwekwa kando na neno moja likachukuliwa: msaliti.

Emmanuel Okwi alipitia msamiati huo wote. Mei 2012 tulipoifunga Yanga mabao 5 bila jibu, Mganda huyu alifunga mawili. Januari 2013 akauzwa Étoile du Sahel ya Tunisia. Mambo yakaharibika, akarudi Kampala kuichezea SC Villa, na kufikia Desemba alikuwa mchezaji wa Yanga. Mwaka 2014 akarudi Simba. Mwaka 2015 akaenda Denmark, mwaka 2017 akarudi tena, na msimu wa 2017/18 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 20, tukatwaa ubingwa tulioukosa tangu 2012. Usaliti wake uliishia wapi? Haukusamehewa kwa kikao wala kwa tamko. Ulifunikwa na mabao, na leo ukimtaja mbele ya mtu wa Simba, ile miezi ya Jangwani huipita haraka kama dereva apitavyo kituo asichotaka kusimama.

Clatous Chama ni jambo jingine, na bado linauma. Alikuja kutoka Zambia mwaka 2018, akaitwa Mwamba wa Lusaka, na mabao yake ya dakika za mwisho dhidi ya Nkana na AS Vita yalitufikisha robo fainali ya Afrika. Mwaka 2021 aliuzwa RS Berkane ya Morocco. Januari 2022 tulikuwa naye tena. Katika Kombe la Shirikisho la msimu ule tukapangwa kundi moja na Berkane hao hao, naye hakuruhusiwa kutuchezea kwa kuwa alikwisha kuwachezea wao katika mashindano hayo. Hapo alikuwa wetu na wa zamani kwa wakati mmoja, na kanuni ikamwacha nje. Mwaka 2024 akavuka mtaa. Kilichonikera zaidi, nikiwa mtu wa maneno, ni lakabu. Mwamba ulihama na jina lake. Watu wa Yanga walilirithi siku ile ile, nasi tuliolitukuza tukabaki bila la kumwitia.

Yanga nao wana wao. Fiston Mayele alipofunga kwao, alitikisa mwili kwa namna iliyokuja kuitwa kutetema, na kitenzi hicho cha kale cha homa na hofu kikageuka kitenzi cha furaha nchi nzima, hata kwa watoto wa Simba waliojifanya hawakitumii. Aliondoka mwaka 2023, baada ya Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho na kulikosa kwa kanuni ya bao la ugenini, akaenda Pyramids ya Misri. Mei 2025 sisi tulipoteza fainali ya kombe hilo hilo mbele ya Berkane, mechi ya pili ikichezwa Zanzibar kwa sare ya bao 1. Juma moja baadaye, Juni 1, Pyramids waliwafunga Mamelodi Sundowns 2 kwa 1 mjini Cairo wakawa mabingwa wa Afrika, na bao la kwanza lilikuwa la Mayele.

Usiku ule mtaa wetu ulipiga kelele kwa klabu ya Cairo. Jirani yangu, Mwananchi wa damu, alitoka nje akatetema peke yake barazani, na alipomaliza akanigeukia na kuniuliza kama nimemwona mchezaji wao.