Bei ya Ukombozi: Rabai, 1889

Kanisani husemwa Kristo ametukomboa. Huko Rabai, karibu na Mombasa, ukombozi ulikuwa na bei ya fedha. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia misheni, na mabwana zao wakaja kuwadai. Mwanzoni mwa 1889, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki aliwalipa mabwana hao, na watoro wapatao 1,400 waliokuwa katika misheni za pwani wakapewa vyeti vya uhuru.

Watu waliokoka kweli. Lakini fidia alipewa aliyetesa, si aliyeteswa. Je, uovu ulishindwa au ulilipwa? Kwetu, yote mawili. Tukimsifu mlipaji tu, tunamsahau mtumwa aliyeanza kujikomboa kwa miguu yake mwenyewe.