Tezi dume: historia ya maradhi yanayofichwa



Ndugu wasomaji, wazee wetu, mama zetu, nanyi vijana mnaosoma, leo tunazungumza juu ya maradhi ambayo majumbani hutajwa kwa kunong'ona. Mzee anaamka mara tano usiku kwenda msalani, anakaa huko muda mrefu, akirudi hasemi kitu. Mkewe anajua, watoto wanahisi, lakini hakuna anayeuliza. Siku mkojo unapoziba kabisa ndipo anapakiwa garini usiku wa manane kupelekwa hospitali. Tukiipitia historia ya tiba ya tezi dume tutaona kuwa wataalamu wamepiga hatua kubwa katika kuyagundua maradhi haya mapema, lakini hatua hizo zinamfaa yule tu aliyefungua kinywa.

TEZI DUME NI NINI?

Ni kiungo kidogo cha mwanamume, ukubwa wake kama jozi ndogo, kilichokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za uzazi. Wengi huchanganya tezi dume na busha au ngiri, na haya ni maradhi mbalimbali kabisa.

Tezi yenyewe hupatwa na mambo makubwa matatu. Kwanza ni uvimbe wa kawaida wa uzee, ambao si saratani: takriban nusu ya wanaume waliofika miaka 60 wanao. Pili ni maambukizi, ambayo huleta homa na maumivu. Tatu ni saratani. Dalili za uvimbe na za saratani zinaweza kufanana, na saratani changa mara nyingi haina dalili yoyote. Kwa hiyo mtu hawezi kujipima mwenyewe kwa kukisia.

ENZI ZA MRIJA

Kwa karne nyingi matabibu hawakuijua tezi hii, bali walijua taabu yake. Mzee aliyeshindwa kukojoa alikuwa katika hatari ya kufa, na dawa pekee ilikuwa kumpitishia mrija ili mkojo utoke. Waganga wa Kiislamu walitoa mchango mkubwa hapa. Al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, alieleza mirija yenye matundu ubavuni ili isizibe kwa damu au usaha. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki karibu 1013, alieleza katika kitabu chake At-Tasrif mrija mwembamba wa fedha, laini na wenye uwazi ndani. Mpira wa mkojo tunaouona leo katika wodi za Bujumbura ni mjukuu wa mrija ule.

Tezi yenyewe ilichorwa na Andreas Vesalius mwaka 1538. Mwaka 1853 daktari John Adams wa London alieleza mgonjwa mwenye saratani ya tezi dume, akaihesabu kuwa maradhi ya nadra sana. Haikuwa nadra kama alivyodhani. Wanaume wengi walikufa kabla ya kufika umri wake, na waliougua hawakuwa na kipimo cha kuwatambua. Mwaka 2022 duniani kote kulikadiriwa wagonjwa wapya karibu milioni 1.5, na katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume.

KISU, HOMONI NA DAMU

Mwaka 1900 daktari Peter Freyer, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa ametumikia India miaka mingi, alianza kuitoa tezi iliyovimba kwa kupitia kibofu, huko London. Njia hiyo ya kupasua tumbo la chini bado inatumika katika hospitali nyingi za Afrika zisizo na vifaa vya kukwangua tezi kwa kupitia njia ya mkojo. Mwaka 1904 Hugh Hampton Young, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, aliondoa tezi nzima yenye saratani.

Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alionyesha kuwa saratani hii hulishwa na homoni ya kiume: ukiikata homoni hiyo, saratani hunywea na maumivu ya mifupa hupungua. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hadi leo, pale ambapo sindano za kuzuia homoni ni ghali, mgonjwa ambaye saratani imeshasambaa huelezwa juu ya upasuaji mdogo wa kutoa korodani. Ni uamuzi mzito kwa mwanamume yeyote, na wengi huletewa uamuzi huo kwa kuwa wamechelewa.

Kisha kikaja kipimo cha damu. Mwaka 1979 watafiti wa Buffalo, Marekani, waliitenga protini ya tezi dume iitwayo PSA. Mwaka 1986 kipimo chake kiliidhinishwa Marekani kwa kufuatilia wagonjwa, na mwaka 1994 kwa kusaidia kugundua saratani, kikitumika pamoja na kipimo cha kidole. Tufahamu vizuri: PSA ikipanda haina maana kuwa mtu ana saratani, kwani uvimbe wa kawaida na maambukizi pia huipandisha. Saratani huthibitishwa kwa kuchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi na kuvitazama kwa hadubini. Tena, saratani nyingine huenda polepole sana, na daktari anaweza kushauri kuiangalia tu bila kuigusa.

HAPA KWETU BUJUMBURA

Mji wetu, ulioitwa Usumbura hadi 1962, ulianza kama kituo cha jeshi la Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Wajerumani, na Wabelgiji walioingia mwaka 1916, walipambana zaidi na malale na maradhi mengine ya kuambukiza. Maradhi ya wazee hayakuwa mbele. Baadaye tukapata hospitali ya Prince Régent Charles, yenye jina la mwanamfalme aliyeshika kiti cha Ubelgiji kati ya 1944 na 1950, na hospitali ya chuo kikuu huko Kamenge, yenye jina la Mfalme Khalid wa Saudi Arabia.

Vita vilivyoanza 1993 viliwatawanya wagonjwa na waganga. Mwaka 2006 serikali ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa mama wanaojifungua, jambo la kheri kubwa. Babu hakuwemo katika orodha hiyo. Mwaka huohuo shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wagonjwa maskini wa Burundi waliozuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa. Basi mzee wa Buyenzi aliyesema "hiki ni kikojozi cha uzee tu" alikuwa na sababu mbili za kunyamaza: haya, na hofu ya deni.

Aliyehitaji mionzi kwa miaka mingi ilibidi avuke mpaka. Dar es Salaam kuna Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wajerumani na kufanywa taasisi ya saratani mwaka 1996. Kampala mashine pekee ya mionzi ya Mulago iliharibika mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa 2018. Kigali ilianza huduma hiyo mwaka 2019. Safari hizo zinaonyesha thamani ya kugundua mapema, maana gharama hupanda kadiri maradhi yanavyokua.

RAIS ALIPOSEMA

Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Johns Hopkins, hospitali ileile ya Young. Habari ilitangazwa rasmi, naye aliporudi alisema wazi na kuwahimiza wanaume wapime. Kabla yake Nelson Mandela alitibiwa kwa mionzi mwaka 2001. Si kila mtu anaweza kwenda Baltimore. Lakini kusema hakuhitaji tiketi ya ndege.

IBADA NA MGONJWA

Wapo wazee wanaoacha msikiti kwa sababu mkojo unawatiririka, wakidhani swala yao haifai. Wanavyuoni wameshalieleza hili zamani chini ya jina la salasul-bawl. Katika madhehebu ya Imam Shafii, mwenye udhuru huu hujisafisha na kujifunga kitambaa au pedi baada ya kuingia wakati, akatawadha, kisha akaswali bila kuchelewa, na hufanya hivyo kwa kila faradhi. Muulizeni sheikh wenu kwa utulivu, na nyinyi vijana msimcheke mzee.

TUFANYE NINI?

Mwanamume aliyefika miaka 50 azungumze na daktari juu ya kupima, faida zake na madhara yake. Mashirika mengi ya madaktari huwashauri watu weusi, na yule ambaye baba au ndugu yake aliugua, waanze mazungumzo hayo kwenye miaka 45. Damu katika mkojo, mkojo kukatika au kudondoka, na maumivu ya mgongo yasiyoisha visisubiri. Mkojo ukiziba kabisa, ni hospitali saa hiyohiyo. Dawa za mitishamba zisizojulikana zisimcheleweshe mtu.

Enyi watoto, leo baada ya Isha mkalieni baba karibu, mumuulize kwa adabu: "Baba, usiku unalala vizuri?" Huenda swali hilo likawa ndilo analolingoja.

Allah awaponye wagonjwa wetu na awape wazee wetu afya na mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.