South Carolina, 1876: Kura Zilizoondolewa Walinzi



Askari anayelinda kituo cha kupigia kura hana kazi ya kuchagua mshindi. Wajibu wake ni kuhakikisha kwamba kila mwenye haki anafika, anapiga kura na kurejea kwake salama. Uzito wa wajibu huo unadhihirika katika historia ya jimbo la South Carolina, nchini Marekani, katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1876.

Ilikuwa imepita miaka 11 tangu kumalizika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa. Watu weusi walikuwa wengi kuliko wazungu jimboni humo, na wanaume wao walikwisha kupata haki ya kupiga kura. Wengi walikiunga mkono chama cha Republican. Mabwana wa zamani wa watumwa hawakukubali. Mwezi Julai, mjini Hamburg, wazungu wenye silaha walikishambulia kikosi cha mgambo wa jimbo kilichokuwa cha watu weusi, na baadhi ya waliotekwa wakapigwa risasi. Wapanda farasi waliovaa mashati mekundu walizunguka jimboni wakiwatisha wapiga kura. Ndipo Rais Ulysses Grant alipoongeza askari wa Serikali Kuu.

Kura zilipigwa tarehe 7 Novemba. Kwa hesabu rasmi, Rutherford Hayes wa Republican alipata kura 91,786, na Samuel Tilden wa Democratic kura 90,897. Tofauti ilikuwa kura 889 tu. Wanahistoria wanakadiria kuwa kura zote zilizidi idadi ya wenye haki ya kupiga. Hila ilikwisha kuingia masandukuni. Wajumbe 7 wa jimbo hilo wa kumchagua Rais wakagombewa. Tume ya watu 15 iliyoundwa na Bunge ikampa Hayes wajumbe hao kwa kura 8 dhidi ya 7. Hatimaye akawa Rais kwa kura 185 za wajumbe dhidi ya 184.

Jimboni kwenyewe watu wawili, Daniel Chamberlain wa Republican na Wade Hampton wa Democratic, kila mmoja alidai kuwa ndiye Gavana. Tarehe 10 Aprili 1877, kwa amri ya Hayes, askari waliondolewa katika jengo la serikali ya jimbo mjini Columbia. Chamberlain akaachia madaraka. Rais aliyeingia Ikulu kwa kura za watu weusi ndiye aliyewaondolea walinzi.

Yaliyofuata yanajulikana. Katiba ya jimbo ya mwaka 1895 iliweka masharti ya kodi na ya kujua kusoma, yakawafungia watu weusi mlango. Haki yao haikulindwa tena kikamilifu mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1965.

Ndugu wasikilizaji, askari wale hawakushindwa vitani. Waliondolewa kwa mapatano ya wanasiasa, na raia waliokuwa nyuma yao wakalipa gharama kwa takriban miaka 90. Haki iliyoandikwa katika sheria huhitaji mlinzi asiyependelea, na mlinzi huyo huhitaji serikali isiyoiuza haki hiyo.