Kutoka Bweri Hadi Guangzhou: Safari Ndefu ya Plagi na Soketi

Abiria anayepanda basi stendi ya Bweri, Musoma, anaweza kulala Nairobi siku hiyohiyo. Huko atachomeka chaja yake ukutani bila kuwaza, na simu itajaa. Safari ikimfikisha Bujumbura, plagi ileile haitaingia. Akifika Marekani, hata akipata adapta, pasi aliyoibeba kutoka nyumbani itabaki vuguvugu. Tofauti hizo zina historia ya zaidi ya miaka 130, na asiyeijua huunguza mali yake ugenini, au hupigwa shoti.

Mwaka 1882 Thomas Edison aliwasha taa kutoka kituo chake cha Pearl Street, New York, kwa umeme wa volti 110 hivi. Muda si mrefu baadaye kampuni ya Westinghouse ilileta umeme wa kubadilika mwelekeo na kuchagua mizunguko 60 kwa sekunde. Berlin, kampuni ya AEG ikachagua 50. Ulaya ikapandisha volti hadi 220, kwa kuwa volti kubwa hupeleka nguvu ileile kwa waya mwembamba, na shaba ni ghali. Wamarekani walikuwa tayari na vifaa vingi mno vya volti ndogo, wakabaki nazo. Leo wanatumia 120. Japani ilinunua mitambo Ujerumani na Marekani karibu wakati mmoja, ndiyo maana mpaka sasa Tokyo ina mizunguko 50 na Osaka ina 60, zote kwa volti 100.

Kwetu umeme wa umma ulianza Dar es Salaam mwaka 1908, Wajerumani walipoufunga kwa ajili ya karakana za reli na mitaa ya Wazungu. Waingereza wakaurithi, na mwaka 1931 wakaukabidhi kwa kampuni mbili binafsi, TANESCO na DARESCO. Volti 230 na mizunguko 50 vinavyoingia leo katika nyumba ya Bweri vimetokana na urithi huo wa watawala.

Lakini kisa kikubwa zaidi kiko kwenye plagi. Waingereza wa zamani walitumia pini tatu za mviringo, kubwa na ndogo, na nyumba moja iliweza kuwa na soketi za saizi tofauti. Mwaka 1942, vita vikiendelea, iliundwa kamati ya kupanga nyaya za nyumba zitakazojengwa baadaye. Mwanamke pekee ndani yake alikuwa mhandisi Caroline Haslett, naye alisisitiza kwamba soketi isiweze kumdhuru mtoto mdogo. Matunda yalitoka mwaka 1947: plagi ya pini tatu bapa, ya kiwango cha BS 1363, ambayo sisi Tanzania tunaiita ya kawaida. Pini ya juu, ya ethi, ni ndefu kuliko wenzake. Huingia kwanza, na katika soketi nyingi ndiyo inayosukuma vifuniko vilivyoziba matundu mawili ya chini. Ndani ya plagi kuna fyuzi yake, ili waya wa kifaa usiwake kabla swichi kuu haijakata. Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alipofika Edinburgh kusoma mwaka 1949, kiwango hicho kilikuwa na umri wa miaka miwili tu na nyumba nyingi za Uingereza zilikuwa bado na pini za mviringo.

Plagi hiyo ikasafiri na bendera. Kenya, Uganda, Zambia, Malawi, Oman na Falme za Kiarabu zote zinaitumia. India, iliyojitawala mwaka huohuo wa 1947, ilibaki na pini za mviringo, na mgonjwa wa kwetu anayekwenda kutibiwa huko hana budi kubeba adapta. Burundi na mashariki ya Kongo, alikotawala Mbelgiji, kuna matundu mawili ya mviringo. China ina maumbo zaidi ya moja, na mfanyabiashara wa Kariakoo anayelala hoteli ya Guangzhou hukuta soketi inayopokea karibu kila kitu.

Hapa nina neno zito. Mtaani kwetu mtu mwenye chaja ya pini mbili huchukua kalamu au kijiti, akasukuma tundu la juu, vifuniko vikafunguka, akachomeka. Tumezoea hata hatushtuki. Lakini ulinzi aliopigania Haslett kwa ajili ya watoto tunauvunja kwa kalamu ya Bic, na anayefanya hivyo kwa kitu cha chuma hushika mauti mkononi. Pini nyembamba isiyobana vizuri nayo hutoa cheche, na soketi huungua polepole. Adapta nzuri haizidi bei ya mlo mmoja hotelini.

Hata hivyo adapta hubadilisha umbo tu. Volti hubaki zilezile. Hapa ndipo hasara nyingi hutokea. Kifaa cha kutoa joto kikipewa volti mara mbili, nguvu yake hupanda mara nne. Mashine ya kukaushia nywele ya Marekani ya wati 1,000, ikichomekwa Musoma, itajaribu kuvuta wati 3,600 na zaidi, na itaungua. Sufuria ya umeme ya mtumba kutoka Japani itavuta zaidi ya mara tano ya kiwango chake. Birika letu la wati 2,000 likienda Marekani hubaki na wati 540 hivi. Vifaa vya namna hiyo vinahitaji transfoma inayobeba wati zake zote. Lililo jepesi kwangu ni kuviacha nyumbani.

Simu na kompyuta zimepona kwa sababu chaja zake za kisasa hupokea umeme wa aina nyingi na kuupunguza zenyewe. Geuza chaja usome. Ikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, inafaa karibu dunia nzima na adapta inatosha. Ikiandikwa 120V pekee, isiguse ukuta wa Tanzania. Ukiona miraba miwili, mmoja ndani ya mwenzake, kifaa hicho kimekingwa mara mbili na hakihitaji ethi. Kisicho na alama hiyo na chenye pini tatu, usikichomeke kwenye adapta ya pini mbili: ganda lake la chuma likishika umeme, njia ya kwenda ardhini itakuwa mwili wako.

Hatari ya siku hizi imehamia kwenye betri. Mwaka 2016 Samsung iliiondoa sokoni simu ya Galaxy Note 7 kwa sababu ya kuwaka moto. Mwaka huohuo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilipiga marufuku ndege za abiria kubeba shehena ya betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake. Pawabenki hairuhusiwi kwenye begi linalopakiwa sehemu ya mizigo ya ndege, kwa kuwa moto ukizuka huko hakuna wa kuufikia. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100, sawa na mAh 27,000 hivi; ikizidi hapo hadi wati-saa 160, omba kibali cha shirika la ndege kabla ya siku ya safari, na inayozidi 160 hairuhusiwi. Iweke kwenye mkoba wa mkononi, na isiyo na maandishi ya uwezo wake usisafiri nayo kabisa.