Haki ya Ardhi Kabla ya Bei ya Tani: Soko la Kaboni na Maisha ya Vijijini

Mjadala wa biashara ya kaboni Afrika Mashariki umetawaliwa na suala la bei: tani moja ya hewa ukaa inauzwa kiasi gani, na mwanakijiji anaambulia nini? Makala hii inatetea hoja kwamba kipato cha kaboni huinua maisha ya maskini pale tu jamii inapokuwa na haki ya ardhi inayotambuliwa kisheria, na inapoamua yenyewe, hadharani, fedha zitumike wapi.

Tuanze na hesabu. Mradi wa Mikoko Pamoja katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, Kenya, ulizinduliwa mwaka 2013. Unahifadhi hekta 117 za mikoko na huuza krediti za kaboni za takriban tani 3,000 kwa mwaka. Tukikisia bei ya dola 10 kwa tani, pato ni dola 30,000 kabla ya gharama za upimaji na doria. Zikigawanywa kwa wakazi wapatao 5,000 wa vijiji vya Gazi na Makongeni, kila mmoja atapata dola 6 kwa mwaka, kiasi kisichomtoa yeyote katika umaskini. Zikibaki pamoja, fedha hizohizo huwa mfuko wa maendeleo. Ndivyo ilivyofanyika: zimegharimia maji safi na mahitaji ya shule. Kaboni haifai kuahidiwa kama mshahara wa kaya. Ni pato la umma wa kijiji.

Uhifadhi nao una gharama, na gharama hiyo haimwangukii kila mtu sawasawa. Anayezuiwa kukata boriti au kuni ni yule ambaye hana pengine pa kuzipata. Ndiyo maana upandaji wa mivinje kwa ajili ya kuni na nguzo, uliofanyika Gazi, ni sehemu ya msingi ya mradi. Mradi usiompa maskini mbadala humlipisha yeye deni la tabianchi ambalo hakulikopa.

Suala la ardhi ndilo zito zaidi. Katika Bonde la Yaeda, Tanzania, jamii ya Wahadzabe walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Walipoingia katika biashara ya kaboni, walikuwa na msingi wa kisheria wa kudai sehemu yao na kuwazuia wavamizi wa misitu. Kaskazini mwa Kenya hali imekuwa tofauti. Januari 2025, mahakama ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria. Biliqo Bulesa ilikuwa imejumuishwa katika mradi mkubwa wa kaboni ya udongo wa malisho. Ridhaa isiyotafutwa mwanzoni hudaiwa baadaye mahakamani, wakati mkataba umeshafungwa na krediti zimeshauzwa.

Kenya imejaribu kuziba pengo la haki za jamii kwa njia ya sheria. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yanataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhi, na asilimia 25 kwa miradi mingine. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, lakini asilimia ni ya kiasi fulani, na anayekokotoa kiasi hicho ndiye mwenye nguvu. Jamii isiyoona mikataba ya mauzo wala orodha ya gharama haiwezi kujua kama imelipwa haki yake.

Wakosoaji wanasema soko hili huwapa wachafuzi wakubwa kibali cha kuendelea kuchafua. Hoja yao ina uzito, na inamgusa mwanakijiji moja kwa moja: uchunguzi wa wanahabari wa 2023 ulipotilia shaka krediti nyingi za misitu, imani ya wanunuzi ilitikisika, hata kwa miradi iliyofanya kazi kwa uaminifu. Upimaji wa kweli, kwa hiyo, ni kinga ya kipato cha maskini.

Serikali zetu zina wajibu wa mambo matatu: kupima na kusajili ardhi ya jamii kabla ya mkataba wowote kusainiwa, kuandika mikataba kwa lugha inayoeleweka na mkutano mkuu wa kijiji, na kuchapisha hesabu za mauzo kila mwaka. Mwekezaji asiyekubali masharti hayo hana jambo jema la kuwaletea wanakijiji, hata akiahidi bei kubwa kiasi gani.